Vioo vya Kukuzia Nachingwea na Ruangwa

Lenzi ya kukaribia ni kioo mbinuko kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera ili kitu kilicho karibu mno kionekane wazi. Kodak iliviuza vioo vya aina hiyo kwa wenye kamera za sanduku tangu mwanzoni mwa karne ya 20, miaka mingi kabla Heinz Kilfitt hajatoa Makro-Kilar, lenzi kamili ya vitu vidogo, mwaka 1955. Kwa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kioo cha namna hiyo kina maana ya pekee, kwa kuwa maradhi yaliyoandama mazao ya huko huanza na vitu ambavyo jicho tupu huvipita.

Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Wataalamu wake, wakiongozwa na Hugh Bunting, walipaswa kuuchunga ugonjwa wa rozeti, unaoenezwa na vidukari wa milimita mbili hivi wanaojificha chini ya majani. Mradi ulifutwa Januari 1951, baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Kidukari asisingiziwe: visiki, matrekta mabovu, mvua isiyotabirika na mipango ya haraka vilitosha kuuangusha.

Korosho ndiyo iliyoumizwa hasa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki kama 16,500. Kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa kuliwatenga wakulima na mikorosho yao, na bei iliwavunja moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaongezeka ubwiri unga, kuvu unaofunika machipukizi na maua kwa vumbi jeupe. Chini ya kioo, vumbi hilo huonekana kuwa nyuzi nyembamba zenye mbegu za ugonjwa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilishughulikia matumizi ya salfa, nayo hufaa zaidi ikipulizwa mapema, kabla ua zima halijapauka. Kuuona ugonjwa ukiwa mchanga ndiko kunakookoa mavuno.

Hapo ndipo kioo cha bei nafuu kinapofaa. Nguvu yake hupimwa kwa dayopta: lenzi ya +4 huona vizuri kitu kilicho sentimita 25 mbele yake, ya +10 sentimita 10. Zikipangwa mbili, namba zake hujumlishwa. Lenzi hii haipunguzi mwanga kama zifanyavyo pete za kurefushia lenzi, na ya kubana kwenye simu hufanya kazi kwa kanuni ileile. Kasoro zake ni kingo zenye ukungu, michirizi ya rangi, na eneo jembamba mno linaloonekana wazi, hivyo upepo mdogo huharibu picha ya ua la mkorosho. Kulishika tawi kwa mkono mmoja husaidia kuliko kununua lenzi ya pili.

Ruangwa ina pia wachimbaji wa garneti ya kijani, iitwayo tsavorite. Katika biashara ya vito, kioo cha mara 10 ndicho kipimo cha kawaida cha kukagua nyufa na uchafu ndani ya jiwe. Lenzi ya simu huweza kuonyesha kasoro hizo kwa mnunuzi aliye mbali, lakini kamera hurekebisha rangi yenyewe, na thamani ya jiwe hilo imo zaidi katika ukijani wake. Kwa hiyo bei ya mwisho husubiri jiwe litazamwe kwenye mwanga wa mchana.