Chujio la nitrati: Jinsi ya kupanga kasi ya maji bila kuwadhuru samaki

MAJI ya tangi la samaki wa mapambo yanaweza kuonekana maangavu kama kioo, huku yakiwa yamebeba kiasi kikubwa cha nitrati, kemikali isiyo na rangi wala harufu.

Nitrati hutokana na mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Mabaki hayo yakioza hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alifanikiwa kuwatenga bakteria wa aina hiyo mwaka 1890.

Chujio la kawaida la sponji au changarawe huishia hapo. Nitrati huendelea kuongezeka wiki hadi wiki, mwani hutanda kwenye vioo, na samaki wanaoishi humo kwa muda mrefu hudhoofika.

Dawa iliyozoeleka ni kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, na kwa matangi mengi hiyo inatosha. Tatizo huja pale maji mapya yenyewe yanapokuwa na nitrati. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwa hiyo, maji yaliyo salama kwa binadamu yanaweza kuwa na nitrati nyingi kuliko anayoitaka mfugaji. Maji ya visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo yamo katika hatari kubwa zaidi. Hapo ndipo chujio la nitrati linapohitajika.

Namna linavyofanya kazi

Chujio hilo ni chombo kilichofungwa, chenye vitu ambavyo bakteria hujishikiza juu yake. Maji huingia upande mmoja na kutoka upande mwingine kwa kasi ndogo sana. Bakteria wa mwanzo huimaliza oksijeni iliyomo majini. Wale wa mbele, wakiikosa, huinyofoa oksijeni iliyomo ndani ya nitrati. Kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ambayo hupanda na kupotelea hewani bila madhara.

Bakteria hao huhitaji pia chakula. Katika aina moja ya chujio hulishwa kaboni, kwa mfano sukari, siki au alkoholi kwa vipimo vidogo. Katika aina nyingine hutumia punje za salfa zilizojazwa ndani ya chombo. Aina hii ya pili huyafanya maji yawe na asidi, hivyo hupitishwa baadaye kwenye changarawe za matumbawe au chokaa. Tahadhari hiyo ni ya lazima kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea maji yasiyo na asidi.

Ndiyo maana koki ya chujio hili ni muhimu kuliko ukubwa wake. Koki ndiyo inayoamua maji yakae ndani kwa muda gani.

Kasi kubwa, kasi ndogo

Maji yakipita haraka mno, oksijeni haiishi. Bakteria hawaigusi nitrati, au huigeuza nusu tu na kuiacha ikiwa nitriti. Kazi hiyo ya nusu ni hatari kuliko kutofanya kazi kabisa, kwa kuwa chujio linachukua kitu chenye madhara madogo na kurudisha tangini sumu. Nitriti huingia katika damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni. Samaki hutweta karibu na uso wa maji ingawa hewa imo ya kutosha. Walio katika maji yasiyo na chumvi huathirika zaidi kuliko wa baharini.

Maji yakipita polepole mno, nitrati huisha yakiwa bado ndani. Bakteria wengine hugeukia salfeti na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo.

Kasi sahihi iko kati ya hali hizo mbili. Haipatikani kwa kusoma lebo ya kiwandani peke yake, bali kwa kuyapima maji yanayotoka.

Hatua za kurekebisha

Kwanza, chujio jipya huanzishwa kwa kasi ndogo, kama tone moja kwa sekunde kwa tangi la nyumbani. Matone 20 ni sawa na mililita moja hivi. Kwa hiyo, tone moja kwa sekunde ni mililita tatu kwa dakika, au lita 4.3 kwa siku. Kwa uhakika zaidi, kinga maji kwenye kikombe chenye vipimo kwa dakika kumi, kisha ugawe kwa kumi.

Pili, subiri. Bakteria huchukua wiki kadhaa kuongezeka, na katika kipindi hicho nitriti huonekana kwenye maji yanayotoka kabla ya kushuka. Chujio la kawaida la tangi huweza kuimaliza ikiwa ni kidogo. Hata hivyo, nitriti ikionekana tangini kwenyewe, elekeza maji hayo kwenye ndoo na kuyamwaga.

Tatu, pima nitriti na nitrati kwenye maji yanayotoka. Anza na nitriti, kwani ikiwepo huweza kuongeza namba ya kipimo cha nitrati. Nitriti ikiwepo, punguza kasi. Vyote viwili vikiwa sifuri na hakuna harufu mbaya, ongeza kasi kwa robo, subiri siku tatu au nne, kisha upime tena. Harufu ya yai viza ikitokea, ongeza kasi kidogo au punguza chakula cha bakteria, na maji hayo yasirudi tangini hadi harufu iishe.

Ikumbukwe kuwa kasi na chakula huenda pamoja. Anayeongeza maji bila kuongeza kaboni atapata nitriti, na anayeongeza kaboni bila kuongeza maji atapata harufu. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja, kwa kiasi kidogo.

Hesabu ya mahitaji

Chukulia tangi la lita 200 ambalo nitrati yake hupanda kwa miligramu 5 kwa lita kila wiki. Hiyo ni miligramu 1,000 kwa wiki, au takriban 143 kwa siku. Chujio linalopitisha lita 4.3 kwa siku na kutoa maji yasiyo na nitrati litaondoa miligramu 172 kwa siku iwapo tangi lina miligramu 40 kwa lita. Nitrati itaanza kushuka.

Lakini ikifika miligramu 33 kwa lita, kinachoondolewa kitalingana na kinachozalishwa, na kushuka kutakoma. Anayetaka kubaki kwenye miligramu 20 atahitaji lita 7.2 kwa siku, yaani mililita tano kwa dakika, iwapo bakteria wake wanaimudu kasi hiyo.

Umeme ukikatika

Pampu ikisimama, maji yaliyonasa ndani ya chujio hubaki bila oksijeni na baada ya saa kadhaa huanza kutoa gesi ya sumu. Umeme ukirudi, maji hayo husukumwa yote tangini kwa pamoja. Katika nyumba ambazo umeme hukatika mara kwa mara, ni busara kufunga koki mara pampu inaposimama, na kuyamwaga kwenye ndoo maji ya kwanza, angalau ujazo mmoja wa chujio, kabla ya kuunganisha tena.

Aidha, matone hupungua yenyewe kadiri utando wa bakteria unavyoziba mrija. Kasi iliyopangwa mwezi uliopita huenda siyo iliyopo leo. Kuhesabu matone kila wiki, pamoja na kupima nitriti, huchukua dakika chache, na huonyesha hitilafu kabla samaki hawajaanza kutweta.