Saratani ya koo: kutafuta majaribio ya tiba

Saratani ya koo ni jina moja lililobeba magonjwa kadhaa. Kwa mgonjwa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, hapo ndipo kutafuta jaribio la tiba kunapoanzia, au kunapokwama.

Jina na majibu ya kinyama

Asemaye koo lamsumbua huenda akakusudia koromeo, zoloto (kisanduku cha sauti) au umio (njia ya chakula). Mazungumzo ya kila siku yameridhika na neno hilo moja, lakini watafiti hawaridhiki nalo. Jaribio mashuhuri la Marekani lililochapishwa 1991 liliwapokea wagonjwa 332, wote wa saratani ya zoloto iliyofika mbali. Asilimia 64 ya waliopewa kemotherapia na mionzi walibaki na zoloto lao, yaani na sauti yao, na baada ya miaka 2 waliokuwa hai walikuwa asilimia 68 katika kila kundi, lao na la waliokatwa zoloto. Matokeo hayo mazuri hayamfai mwenye saratani ya umio, ugonjwa uliotapakaa Afrika Mashariki; wake ni utafiti mwingine, kama CROSS wa Uholanzi wa 2012, uliotanguliza kemotherapia na mionzi kabla ya upasuaji. Ndiyo maana karatasi ya majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa, yenye mahali pa uvimbe na aina ya seli, ina uzito kuliko maelezo yote ya mdomo.

Rejista na pingamizi

Majaribio huorodheshwa bure katika ClinicalTrials.gov, iliyofunguliwa 2000, na katika rejista ya Afrika, PACTR, yenye makao Cape Town. Wako wanaoona kutafuta ni kazi bure, kwani jaribio likipatikana huwa Nairobi au ng'ambo. Nauli na malazi ni kikwazo kweli. Hata hivyo majaribio mengi humkataa aliyekwisha kutibiwa, hivyo swali la jaribio huulizwa kabla ya dozi ya kwanza, pasipo kuichelewesha tiba iliyopo. Hofu ya kupewa kidonge kitupu nayo imekuzwa mno: kwa kawaida kundi la kulinganishia hupata tiba inayotumika hospitalini, na mshiriki aweza kujitoa wakati wowote. Nchini Kenya jaribio la dawa huhitaji kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu.

Mombasa

Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara kwa wenyeji, ina kitengo cha saratani; hapo ndipo mgonjwa wa Kuze aweza kuanza kuuliza.