Kabla ya Chai, Garissa Ilitafuna Buni

Vijana wa mtaa wetu wa Bulla Iftin huapa kwamba chai ya maziwa ya ngamia ni yetu Wasomali tangu enzi za mababu. Mimi huwabishia. Mchai ulipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, kule Limuru, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza miaka ya 1920. Majani tunayochemsha leo ni mageni kuliko tunavyodhani.

Cha zamani, alivyonisimulia ayeyo mzaa mama, ni bun: buni nzima na ganda lake, iliyokaangwa kwa samli mpaka ipasuke. Kwenye ndoa wazee waliomba dua, kila mmoja akatafuna chache, kisha samli iliyobaki ikapakwa mikononi na nyweleni. Jirani zetu Waborana wanayo pia, nao huiita buna qalla.

Chai ilishindaje? Kwa sukari, naamini. Bandari ya Kismayu ilikuwa upande wa Kenya hadi 1925, Waingereza walipoikabidhi Italia pamoja na Jubaland yote. Upande huo wa Italia, kule Jowhar, kampuni ya Kiitaliano iliyoanzishwa mwaka 1920 ilikuwa ikilima miwa. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, sukari ya meli ikapitia Kismayu, ikavuka mpaka hadi Garissa. Serikali iliiita magendo. Jikoni iliitwa sukari tu.

Na inaingia kwa wingi! Majani, iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi huchemka pamoja nayo, kisha maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, maana akina mama hufukiza vyombo vya kukamulia. Wajapani hutumia mmea uleule wa chai, ila hulipiga jani mvuke likabaki kijani. Matcha yao haitiwi sukari: mgeni hula kitamu kwanza, ndipo anywe uchungu. Sisi subira hiyo hatuna. Tunatia sukari kikombeni, kisha tunaongeza halua juu yake.

Halua ni ya Waarabu wa Oman, iliyoenea pwani yote, Zanzibar na Lamu. Sukari, wanga, samli na iliki hukorogwa bila kupumzika mpaka mkono uchoke. Harusi ya Garissa isiyo na halua husemwa mwaka mzima.

Isiyo na bun haisemwi na mtu. Hapo ndipo ninapowalaumu wazee wa rika langu: chai ingetutosha kwa gumzo, na dua ya ndoa tungeiachia buni yake.