Kilichoiondoa Pombe ya Wimbi Merigi

Ukiuliza Merigi na Bomet kwa jumla kwa nini maiywek, pombe ya wimbi ya Wakipsigis, imekuwa adimu, jibu huwa kanisa na serikali. Misheni ya Tenwek ilianza mwaka 1935, na waumini wakafundishwa kuacha pombe. Baadaye zikaja sheria na misako ya machifu. Hayo ni kweli, ila hayatoshi. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, ikalaaniwa madhabahuni kuliko kinywaji kingine chochote, na bado ilipikwa kwa miaka 30 hadi sheria hiyo ikafutwa mwaka 2010. Kama katazo peke yake lingetosha kuua kinywaji, chang'aa ndiyo ingetangulia kaburini. Maiywek ilishindwa shambani.

Tazama ilivyopikwa. Unga ulikandwa kwa maji, ukafukiwa mpaka uchachuke, ukakaangwa motoni hadi ukawa na rangi ya udongo mwekundu. Ndipo ukatiwa maji pamoja na kimea, yaani wimbi iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Hicho ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari. Wazee walizunguka chungu kimoja na mirija mirefu yenye chujio nchani, huku maji moto yakiongezwa. Pombe hiyo haikai: siku chache tu inakuwa chachu mno. Enzi ya Malkia Victoria, viwanda vya bia vya Burton, Uingereza, vilitia hopsi nyingi katika bia yao ili isiharibike, ikasafiri kwa reli na meli hadi India. Maiywek haikuweza kwenda popote, kwa hiyo ilikuwa ya majirani, na aghalabu ndiyo iliyokuwa shukrani kwa watu wa kokwet, yaani ujirani, waliokuja kupalilia.

Palizi hiyo ndiyo kiini. Wimbi inataka mikono mingi: kupalilia kwa kuinama, kufukuza ndege, kuvuna suke kwa suke kwa kisu. Mahindi hayana usumbufu huo. Tena kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond na wenzao walipanda chai Kericho, mashamba makubwa yakameza ardhi, na vijana wakazoea ujira wa fedha. Anayelipwa shilingi haji kupalilia kwa ajili ya chungu, na bila wapaliliaji hakuna wimbi.

Yupo atakayepinga akisema kwamba busaa, pombe inayopikwa kwa njia ileile, bado ipo. Naam, lakini iangalie vizuri: unga wake sasa ni wa mahindi, wimbi imebaki kwenye kimea tu, na huuzwa kwa kikombe kwa yeyote mwenye pesa. Ufundi wa kuchachusha na kukaanga haukusahaulika, wala hofu ya Mungu au ya chifu haikuufuta. Kilichokosekana ni nafaka, na jirani wa kuilima.