Kutu ya Misalaba ya Shaba ya Katanga

Kabla kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, haijayeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, mafundi wa Katanga walikuwa wamekwisha, kwa karne nyingi, kuchimba malakiti, madini ya shaba, wakati wa kiangazi, kuichoma kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, na kuimimina shaba katika kalibu za misalaba, iliyotumika kuwa sarafu na mahari, tena ikazikwa pamoja na maiti, kama ilivyodhihirika katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa mwaka 1957. Msalaba huo ndio uliotiwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960.

Lakini shaba hubadilika rangi: hewa na unyevu huugeuza wekundu wake ukawa kahawia, kisha kijani, na mwenye kuupata msalaba hushawishika kuusugua kwa limau, chumvi na majivu hata ung'ae kama sufuria mpya. Kwa rai yangu huo ni uharibifu, kwani asidi hula, pamoja na kutu, chapa za kalibu ambazo ndizo ushahidi wa mkono wa fundi. Kijani kigumu, kilicho laini kwa kidole, huihifadhi shaba. Cha kuogopwa ni ule unga wa kijani kibichi unaopukutika, ambao huzaliwa na chumvi iliyonasa ndani, na hiyo chumvi ya kusugulia huuzidisha.

Enyi mliorithi misalaba hii, ifuteni vumbi kwa brashi laini, iwekeni pakavu, na kabla ya kuisafisha zaidi waulizeni wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.