Upatanisho kwa damu katika mjadala wa Wayahudi na Wakristo

Upatanisho kwa damu ni fundisho la Kikristo kwamba kifo cha Yesu msalabani kiliondoa dhambi za wanadamu na kuwarudisha kwa Mungu. Kwa kuwa Agano Jipya hulieleza kwa lugha ya sadaka za Hekalu la Yerusalemu, wakosoaji wake, hasa Wayahudi, wamelipima kwa maandiko ya Kiebrania ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale. Ndani ya mjadala huo mna maswali mawili ambayo huchanganywa mara nyingi: je, pasipo damu hakuna msamaha? Na je, mtu aweza kubeba dhambi ya mwenzake?

Fundisho lenyewe

Paulo anaitaja imani kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi kuwa ni jambo alilolipokea kwa waliomtangulia (1 Wakorintho 15:3). Waraka kwa Waebrania (9:22) unafungamanisha ondoleo la dhambi na umwagaji wa damu. Namna kifo hicho kinavyofanya kazi haijapata jibu moja makanisani. Anselm wa Canterbury, katika Cur Deus Homo (takriban 1098), aliona kwamba Kristo alimlipa Mungu heshima ambayo wanadamu walimnyima. John Calvin, katika karne ya 16, alisisitiza kwamba Kristo alichukua adhabu iliyowastahili wenye dhambi. Ukosoaji mwingi hulenga maelezo haya ya pili.

Damu na sadaka

Andiko linalotegemewa zaidi ni Walawi 17:11, linalosema damu iliwekwa madhabahuni ili kufanya upatanisho. Wakosoaji hujibu kwamba aya hiyo imo katika katazo la kula damu: inaeleza kazi ya damu, haifungi njia nyingine. Maskini asiyemudu hata hua wawili aliruhusiwa kuleta sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha nafaka) ya unga, naye akasamehewa (Walawi 5:11–13). Wakati wa tauni, Haruni aliwafanyia watu upatanisho kwa uvumba (Hesabu 16:46–47).

Sadaka ya dhambi, tena, ilihusu hasa makosa yasiyokusudiwa. Aliyetenda kwa jeuri hakuwekewa sadaka (Hesabu 15:27–31). Aliyemdhulumu mwenzake alipaswa kurudisha mali pamoja na nyongeza ya sehemu ya tano, na kuleta kondoo dume (Walawi 6:1–7). Katika Siku ya Upatanisho, mbuzi aliyetwikwa dhambi za Israeli hakuchinjwa, bali alipelekwa jangwani akiwa hai. Damu ya mbuzi mwingine ilitumika kupatakasa patakatifu (Walawi 16). Mtaalamu wa Biblia Jacob Milgrom, katika ufafanuzi wake wa Walawi ulioanza kutoka mwaka 1991, alishikilia kwamba damu hiyo ilisafisha patakatifu palipotiwa unajisi na dhambi za watu. Kwa maelezo yake, mnyama hakuwa akiadhibiwa badala ya mtu.

Toba bila Hekalu

Hosea 6:6 na Mika 6:6–8 wanaweka fadhili na haki mbele ya sadaka. Watu wa Ninawi waliachiliwa walipoacha uovu wao (Yona 3). Sulemani, akiliweka wakfu Hekalu, aliomba kwamba mateka watakaotubu ugenini wasikiwe (1 Wafalme 8:46–50). Warumi walipolibomoa Hekalu la pili mwaka 70, marabi walijenga juu ya maandiko haya njia ya sala, toba na matendo ya huruma. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi (Yoma 8:9), inaongeza kwamba Siku ya Upatanisho haifuti kosa alilotendewa mtu mpaka mkosaji amtake radhi.

Kubeba dhambi ya mwingine

Kumbukumbu la Torati 24:16 na Ezekieli 18 zinakataza mtu kuuawa kwa kosa la mwingine. Musa alipoomba afutwe katika kitabu cha Mungu iwapo Israeli hawatasamehewa, alijibiwa kwamba atakayefutwa ni aliyetenda dhambi (Kutoka 32:32–33).

Wakristo hujibu kwa Isaya 53, juu ya mtumishi anayejeruhiwa kwa makosa ya wengine. Mwanatheolojia Mkristo Origen, katikati ya karne ya 3, aliandika kuwa Wayahudi aliojadiliana nao walimwona mtumishi huyo kuwa ni taifa zima lililotawanyika. Mfafanuzi Myahudi Rashi (1040–1105) alifasiri vivyo hivyo, na Isaya 49:3 inamwita mtumishi Israeli. Andiko hilo lilijadiliwa pia Barcelona mwaka 1263, rabi Nahmanides alipokabiliana na Pablo Christiani, Myahudi aliyegeuka Mkristo, mbele ya mfalme wa Aragon. Isaac wa Troki, Myahudi wa madhehebu ya Wakaraite wa Lithuania aliyefariki takriban 1594, alikusanya hoja za namna hii katika kitabu Hizzuk Emunah.

Tathmini

Katika swali la kwanza, wakosoaji wana msingi imara: Torati inataja upatanisho usio wa damu, na hata Waebrania 9:22 hausemi kwamba kila kitu kilitakaswa kwa damu. Swali la pili ni gumu zaidi kwao. Targumi ya Isaya, yaani tafsiri yake ya Kiaramu, inamwita mtumishi Masihi, ingawa inahamishia mateso yake kwa wengine, na 4 Makabayo 17:21–22, maandishi ya Kiyahudi, inasema vifo vya mashahidi wa imani vililipatanisha taifa. Wazo kwamba mateso ya mwenye haki huwafaa wengine halikuzuliwa na Wakristo. Kinachobaki na ubishi ni iwapo kufaa huko ni kuadhibiwa badala yao. Hilo lilikataliwa pia ndani ya Ukristo: mwanatheolojia Fausto Sozzini, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1594, alisema deni likishalipwa lote, hakuna tena kinachosamehewa.