Mkanda

Katika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi tangu 2015, neno hili halihitaji mkalimani: Mrundi husema umukandara. Mkanda hushika suruali. Enzi za kaseti ulibeba filamu. Ulingoni, bondia akigombea mkanda, anagombea ubingwa wenyewe. Natamani neno hili tulitumie hivyohivyo kwa mieleka ya wanawake wa Japani. Kampuni ya Stardom ilianzisha taji lake kuu mwaka 2011, na bingwa wa kwanza akawa Nanae Takahashi. Mashabiki huliita mkanda mwekundu, jina ambalo awali lilikuwa la taji la WWWA la All Japan Women's, kampuni iliyofungwa 2005. Stardom ina pia mkanda mweupe, nao una wapenzi wake.